Chalinze na Barabara Zinazoikwepa

Kwa miaka mingi, mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa barabara hakuwa na haja ya kuuliza atapita wapi. Akienda Arusha alipita Chalinze. Akienda Dodoma, Mwanza, Kigoma, Mbeya au Songea, hali kadhalika. Lindi na Mtwara tu ndizo zilizokuwa na njia yao ya Kibiti. Wengine wote, pamoja na malori ya Lusaka, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura, walifuatana kwenye lami moja ya kilometa mia moja na ushee, Kibaha, Mlandizi, Vigwaza, hadi mji huu wa mkoa wa Pwani, ndipo wakaachana. Wa Morogoro ananyoosha, wa Segera anakata kulia.

Katika orodha ya barabara kuu za Tanzania, hapo ndipo T2, ipitayo Segera, Same, Moshi na Arusha hadi mpakani Namanga, inapochipuka kutoka T1, itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma kwenye mpaka wa Zambia. Barabara mbili za kwanza kwa namba zinakutana mahali pamoja, na ni rahisi kuishia hapo na kusema kwamba Chalinze ni muhimu kwa kuwa magari mengi yanapita. Nionavyo mimi, wingi wa magari ni matokeo tu. Ukubwa wa njia panda hutokana na barabara ambazo hazijajengwa kwingine. Chalinze ilikua kwa sababu karibu nchi nzima haikuwa na mlango mwingine wa kutokea bandarini, na kila lami inayokamilika mahali pengine, hata kama ni Kondoa au Pangani, inaipunguzia kitu. Anayetaka kuielewa Chalinze hana budi kutazama mbali na Chalinze.

Tuanze na zamani kidogo. Njia panda hii si ya kale. Misafara ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo ikaelekea Uluguru, Ugogo na Unyanyembe bila kuhitaji mahali pa kuachana hapa. Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, kisha wakajenga reli mbili zisizojuana. Ya Tanga ilianza mwaka 1893 na ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ya kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kila moja ilikuwa na bandari yake na bara yake, kwa kuwa kazi iliyokusudiwa ilikuwa kuteremsha mazao pwani na kuyapakia melini. Kuwaunganisha wenyeji wa Moshi na wenyeji wa Morogoro hakukuwa kwenye hesabu. Ndiyo maana ilichukua hadi mwaka 1963, nchi ikiwa imekwisha kujitawala, ndipo kipande cha reli kati ya Ruvu na Mruazi kikaziunganisha.

Ruvu hiyo haiko mbali na Chalinze, na ukaribu huo una sababu. Eneo lililo kati ya mto Ruvu na mto Wami ni mahali ambapo mstari wa magharibi na mstari wa kaskazini inaweza kukutana kwenye ardhi ya tambarare. Ukisogea magharibi zaidi, milima ya Uluguru iko kusini kwako na ya Nguru iko kaskazini, na nyuma ya Nguru ni nyika ya Wamasai. Mhandisi wa reli na mhandisi wa barabara walisoma ardhi ileile na kufikia jibu linalokaribiana. Tofauti ni kwamba reli ya Ruvu ilidhoofika miaka ilivyokwenda, wakati barabara ya Chalinze ilizidi kubebeshwa mzigo.

Mzigo wa kwanza ulitoka Zambia. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo biashara yake karibu yote ilipita huko, ikajikuta imekabwa koo. Mafuta yalianza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, na katikati ya hayo barabara ya Tanzania na Zambia ikawekwa lami. Chalinze, ambayo haikuwa na mgodi wala kiwanda, ikawa kwenye njia ya shaba ya Afrika ya Kati na kwenye njia ya ukombozi wa kusini mwa bara.

Mzigo wa pili ulitokana na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Hili huzungumzwa sana kama habari ya siasa na ya mali za jumuiya, lakini lilibadili ramani ya usafiri kwa kiasi ambacho hakijaandikwa vya kutosha. Moshi iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar es Salaam. Kahawa, bidhaa za dukani na wanafunzi walikuwa wamezoea kupita Taveta au Namanga. Mpaka ulipofungwa, Kilimanjaro na Arusha zililazimika kugeuza uso kusini, na uso huo ulielekea Segera, na baada ya Segera, Chalinze. Miaka hiyo sita ilijenga mazoea, na biashara ikishazoea njia haiiachi kwa sababu tu geti limefunguliwa.

Mzigo wa tatu ni wa kushangaza zaidi kwa kijana wa leo. Wapo watu wengi wa Mwanza na Mara wanaokumbuka kusafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam kupitia Nairobi. Barabara ya katikati ya nchi, kupitia Singida na Dodoma, haikuwa na lami ya kutosha, na masika yakianza haikupitika. Kwa hiyo Mtanzania aliondoka Mwanza, akagonga muhuri Sirari, akapita Nairobi, akarudi nchini mwake Namanga, akateremka Arusha, Segera na Chalinze. Vivyo hivyo, mtu wa Dodoma aliyekuwa na safari ya Arusha mara nyingi alishauriwa ateremke Morogoro, afike Chalinze, apande tena kaskazini. Safari hiyo inazidi kilometa 850, ilhali njia ya Kondoa na Babati haifiki 450. Chalinze iliwahudumia watu ambao, kama barabara zingekuwa mahali pake, hawakuwa na sababu ya kuiona.

Hapo ndipo nasema umuhimu wa njia panda unaweza kuwa dalili ya upungufu. Tulipokuwa tukijivunia pilikapilika za Chalinze, sehemu ya pilikapilika hizo ilikuwa muda na nauli za wananchi waliokuwa wakizungushwa.

Kuna jambo moja la umbo la makutano yenyewe ambalo abiria wengi hawalitilii maanani. Magari yetu yanakwenda mkono wa kushoto. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Segera lazima akate kulia, yaani akatize mbele ya magari yanayoteremka kutoka Morogoro. Anayetoka Segera kwenda Dar es Salaam anakata kushoto, hana anayemkatiza. Anayetoka Morogoro kwenda Segera naye anakata kushoto. Kati ya mizunguko yote, mgumu kuliko mingine ndio unaofanywa na mabasi mengi kuliko mengine: Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi na Arusha. Basi la watu zaidi ya hamsini linasimama katikati ya barabara, dereva akilisubiri semitrela la mafuta lipite, na nyuma yake bodaboda zinapenya kushoto na kulia. Mzunguko mwingine unaokatiza, wa kutoka Segera kwenda Morogoro, ulipata dawa yake barabara ya lami ya Msoga hadi Msolwa ilipojengwa. Ni kilometa kumi tu, lakini inaunganisha T2 na T1 bila kugusa makutano, na lori linalotoka Tanga kwenda Iringa halina tena haja ya kuingia mjini. Kwa macho yangu hiki ni kimoja kati ya vipande vya barabara vilivyofikiriwa vizuri kuliko vyote katika ukanda huu, na ni watu wachache wanaokijua.

Mikondo miwili inayoachana hapa haifanani kwa kile inachobeba. Mkondo unaonyoosha kwenda Morogoro ndio wa kimataifa. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda, na shehena ya Kongo na Zambia ndiyo inayotawala. Dereva wa lori la Kopabeti akiiacha Chalinze ana safari ya siku kadhaa: Msamvu pale Morogoro, Makambako, Uyole, Tunduma, kisha Kapiri Mposhi nchini Zambia, njia panda nyingine kubwa ambapo huamua kupanda Ndola na Kasumbalesa au kuteremka Lusaka. Yule wa Kigali anaachana na mwenzake Msamvu, anapita Dodoma, Singida na Nzega hadi Rusumo. Kwa hiyo Chalinze ni ya kwanza katika mlolongo mrefu, na tatizo lake huonekana kama bei ya mafuta Lubumbashi.

Katikati ya malori hayo huchomoza magari ya IT, yaliyoshushwa bandarini na kuendeshwa hadi Zambia au Kongo yakiwa na namba za muda. Hayana leseni ya abiria, ila mtu aliyekwama barabarani huyapungia mkono, na mengi husimama. Ni usafiri wa haraka, wa mapatano, usio na tiketi wala bima ya abiria, na hatari yake haijapata kujadiliwa kwa uzito unaostahili.

Mkondo unaokata kulia ni wa ndani zaidi, na ni wa watu. Kaskazini kuna bandari ya Tanga na ya Mombasa, kwa hiyo shehena ya nje hailazimiki kufuata njia hii. Kinachopita ni saruji ya Tanga, machungwa ya Muheza, viazi na mboga za Lushoto, watalii, wanafunzi, na kila Desemba ndugu zetu Wachaga wanaokwenda kuhesabiwa. Wiki ya Krismasi mabasi ya ziada hutolewa, nauli hupandishwa kinyemela, mamlaka ya usafiri, LATRA, na trafiki hukaza kamba, na foleni ya Chalinze huwa ndefu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ukitaka kujua kama barabara ya kaskazini inatosha au haitoshi, usiipime Machi. Ipime tarehe 22 Desemba.

Saa za siku nazo zilikuwa na namna yake. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalikatazwa kutembea usiku, baada ya ajali nyingi. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yake kwenye njia panda yalikuwa haya: mabasi yote ya Ubungo yaliondoka alfajiri kwa pamoja, yakafika Chalinze kwa wimbi moja asubuhi, na jioni yakarudi kwa wimbi jingine, kila dereva akikimbizana na saa. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena safari za usiku, stendi ikiwa imekwisha kuhamia Mbezi tangu 2021, na mawimbi yale yakapungua makali. Mji ambao zamani ulikuwa na saa zake za vurugu na saa zake za utulivu sasa unapitiwa wakati wote. Kwa mwenye gesti na kituo cha mafuta hiyo ni neema. Kwa mtoto anayevuka barabara kwenda shule alfajiri, si neema.

Biashara ya Chalinze ina tabia inayotokana na umbali wake na Dar es Salaam. Basi linafika baada ya saa mbili au tatu, muda ambao abiria hajaona njaa ya chakula kamili. Mabasi ya Arusha husimama kula Korogwe au Mombo. Ya Mbeya hupenda Ruaha Mbuyuni au Ilula. Chalinze haikupata kuwa mji wa mahoteli makubwa ya mabasi. Ilibaki na biashara ya mkononi: mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, korosho, maji, karanga, na mananasi ya Kiwangwa. Muuzaji hupata sekunde chache. Anainua beseni juu ya kichwa, anasoma sura za abiria, anatoa chenji huku akikimbia kandokando ya basi lililokwisha kuanza kuondoka, na mara nyingine fedha hutupwa chini, aiokote gari likishapita.

Biashara hiyo imepigwa na jambo ambalo halikutoka wizara yoyote: madirisha. Mabasi mapya ya Kichina yana kiyoyozi na vioo visivyofunguka. Abiria anaona beseni, muuzaji anaona sura, na katikati kuna kioo. Sasa wauzaji hujazana mlangoni, na anayeuza ni yule ambaye kondakta amemkubali kuingia. Nguvu imehama kutoka kwa mwenye miguu mepesi kwenda kwa mwenye kujuana na utingo. Ni badiliko dogo kwa msafiri, lakini kwa wanawake na vijana waliosomesha watoto kwa beseni la mahindi ni badiliko la maisha.

Kwa lori hesabu ni nyingine. Dereva aliyekaa bandarini mchana kutwa na kupita mizani ya Vigwaza jioni huiona Chalinze kama mahali pa kulaza gari. Yadi, gereji, mafundi wa matairi, mama lishe na gesti zimeota kumfuata yeye. Na yamekuja pia mambo ambayo kila mji wa malori unayajua. Kati ya mwaka 1990 na 1993 shirika la AMREF liliendesha elimu rika kuhusu UKIMWI kwa madereva wa malori na wenzi wao katika vituo vya barabara kuu za Tanzania, kwa kutambua mapema kwamba maambukizi yalikuwa yakifuata magurudumu. Kazi ya namna hiyo haina tarehe ya kwisha, maana madereva wapya huingia barabarani kila mwaka.

Tuje sasa kwenye barabara zinazoikwepa. Ya kwanza kuuma ilikuwa Bagamoyo hadi Msata, kilometa 64 za lami. Msata iko kwenye T2, kaskazini ya Chalinze, kwa hiyo anayetoka Tegeta, Bunju au Mwenge kwenda Arusha anapita Bagamoyo na kutokea mbele, bila kuiona Kibaha, bila mizani, bila ule mzunguko wa kukata kulia. Siku hizi yapo hata mabasi yanayopita huko. Ya pili ni ile ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Hiyo, ikiungana na lami ya Iringa hadi Dodoma, imempa mtu wa Mbeya njia ya kwenda Arusha bila kugusa Pwani. Lami ya Singida na Manyoni ilikwisha kuwaondoa watu wa Mwanza kwenye njia ya Nairobi. Inayokuja ni ya pwani, kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, yenye daraja kubwa la Pangani. Ikikamilika, gari la Mombasa au Tanga litaingia Dar es Salaam likiwa na bahari mkono wa kushoto, na Segera nayo itaanza kuonja kile Chalinze inachokionja.

Halafu kuna reli. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Reli hiyo haifiki Chalinze. Inapita kusini yake, ikiwa na vituo vya Soga, Ruvu na Ngerengere. Mtumishi wa serikali aliyekuwa akipanda basi la Dodoma kila wiki, akishuka kuchimba dawa karibu na Mdaula, sasa analala usingizi hadi afike. Mabasi ya Dodoma yameshaonja makali yake. Kwa shehena, bandari kavu ya Kwala iliyozinduliwa Julai 2025 inakusudiwa kutoa makontena Dar es Salaam kwa reli na kuyakabidhi kwa malori huko Kwala, jirani na Vigwaza. Hili linapunguza malori ndani ya jiji, lakini Chalinze haliipunguzii hata moja, kwa kuwa kutoka Kwala lori la Zambia bado litapita palepale. Ni kosa kudhani kwamba kila uwekezaji wa reli unaitua mzigo barabara hii.

Je, hizi njia za kuikwepa ni hasara? Kwa Chalinze ya mabeseni, ndiyo, kwa sehemu. Kwa nchi, hapana kabisa, na sababu inaonekana pale njia inapokatika. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Magole, Dumila, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa. Wasafiri wa kanda ya kati na ya ziwa wakalala porini au wakazunguka mikoa kadhaa. Sasa fikiria Ruvu. Kila gari linalopita T1 linavuka mto huo kabla ya Chalinze. Kwa miongo mingi daraja hilo lingefungwa kwa wiki moja tu, bandari yenye wateja wa nchi sita ingekuwa imefungiwa na mto mmoja. Kaskazini hali ilikuwa mbaya zaidi: daraja la zamani la Wami, la mwaka 1959, lilikuwa jembamba kiasi kwamba magari mawili hayakuweza kupishana, tena kwenye mteremko mkali wenye kona. Mabasi na malori yalingojana, breki zilikatika, watu walikufa. Daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500 lilianza kutumika mwaka 2022. Miaka 63 ni muda mrefu mno kuiacha T2 ikitegemea daraja la njia moja.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza ni hiki: tusiulize ni magari mangapi yanapita Chalinze, tuulize kitatokea nini Chalinze ikifungwa kwa siku tatu. Miaka ishirini iliyopita jibu lilikuwa kwamba nchi ingesimama. Leo wa Arusha atapita Bagamoyo, wa Dodoma atapanda treni, wa Mbeya aliyeko Arusha atapita Kondoa. Anayebaki bila mbadala wa karibu ni lori la nchi jirani, na hilo ndilo linalopaswa kuwasumbua wapangaji wetu.

Kinachobaki Chalinze, basi, ni nini? Kwanza, shehena. Pili, mji wenyewe. Halmashauri ya Chalinze, iliyomegwa kutoka Bagamoyo, ina wakazi zaidi ya 300,000 kwa sensa ya 2022, na wengi wao si wauza mahindi wa barabarani. Kuna wakulima wa Kiwangwa na Miono, wafugaji walioswaga ng'ombe kutoka mbali na ambao migogoro yao na wakulima haijapoa, na wachimba kokoto wa Lugoba ambao mawe yao yamejenga maghorofa ya Dar es Salaam. Kwa watu hao njia panda ni stendi yao, soko lao na mahali pa kupata huduma. Kwa miaka mingi walikosa hata maji. Mradi wa kutoa maji mto Wami, uliojengwa kwa msaada wa China kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, ulipunguza adha iliyokuwa imegeuka wimbo wa kila kampeni. Na umeme umeichagua njia panda hiihii: mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115 ilipoanza kuzalisha mwaka 2024, umeme wake ulisafirishwa kwa laini ya kilovolti 400 hadi kituo cha Chalinze, na kutoka hapo unagawanywa. Mahali panapofaa kuachanisha magari pamefaa kuachanisha umeme pia. Umeme na maji vikiwa karibu, kiwanda kinaweza kukaa, na kiwanda hakihitaji basi lisimame.

Lakini mji huu haujawahi kupangwa kama mji. Umepangwa kama upana wa hifadhi ya barabara. Fremu zimejipanga mbele, nyumba nyuma yake, na katikati ya yote hayo ni matanki ya petroli. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likawaka moto na kuua watu zaidi ya 100 waliokuwa wamekusanyika. Msamvu ni njia panda, kama Chalinze, na ni malori yaleyale yanayopita kote kuwili. Somo lililochukuliwa lilikuwa la kuwaonya watu wasichote mafuta. Kuna somo la pili ambalo halikupewa nafasi ya kutosha: tanki la mafuta halipaswi kulala wala kupunguza mwendo katikati ya wauza mahindi. Yadi za malori zinatakiwa ziwe nje ya mji, zenye taa, vyoo, zahanati na zimamoto, na dereva asilazimishwe kuegesha pembezoni mwa lami.

Suala la majeruhi nalo ni la njia panda. Hospitali ya Tumbi, Kibaha, imebeba majeruhi wa Barabara ya Morogoro kwa miongo mingi. Hospitali ya Msoga imesogeza huduma karibu. Hata hivyo ajali ya Wami au ya Ubena Zomozi inahitaji gari la wagonjwa lililo tayari na watu waliofunzwa kuzuia damu, siyo Noah iliyosimamishwa na wasamaria. Katika barabara yenye uzito huu hilo ni sehemu ya barabara yenyewe, kama alama na matuta yalivyo.

Jambo kubwa linalongojwa ni barabara ya haraka ya kulipia, Kibaha, Chalinze hadi Morogoro, kilometa 205, ambayo serikali imekusudia kuijenga kwa ubia na sekta binafsi, ikianza na kipande cha Kibaha hadi Chalinze cha karibu kilometa 79. Haja yake haina ubishi. Kimara hadi Kibaha ilipanuliwa kuwa njia nane, na foleni haikuisha, ilihamia tu mahali njia nane zinapogeuka kuwa mbili. Swali langu ni la Chalinze yenyewe. Barabara ya namna hiyo huwa na milango michache ya kuingilia na kutokea, na mji usio na mlango huachwa kando kama vile haupo. Makutano mapya yatakaa wapi, mjini, Msolwa au Mdaula? Stendi itahamia huko? Wauzaji watatengewa eneo la kupumzikia abiria, au eneo hilo litapewa kampuni moja ya mafuta yenye duka lake? Michoro ya makutano hayo inapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata za Bwilingu na Pera sasa, kabla wathamini wa fidia hawajaanza kupita na rangi nyekundu kwenye kuta, ili mwenye fremu, dereva wa bodaboda na mama lishe waseme neno lao wakati mstari bado unaweza kusogezwa.